Tazama muhuri kwanza

Mwanangu,

Ugonile. Mdogo wako ameniambia umeshakata tiketi ya Dar es Salaam kwenda kuuza vitabu vya mitumba na hutapita nyumbani. Sawa, nauli ya kutoka Iringa mpaka huku Tukuyu na kurudi ni hela ya mtaji. Lakini ile picha ya vitabu ulivyovipanga kitandani niliikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Kitabu cha tatu kutoka juu, chenye jalada la kijani, kina lebo ya namba mgongoni. Hiyo ni lebo ya maktaba. Kimefikaje kwako?

Sikuiti mwizi, nimekulea mwenyewe. Ninachoogopa ni wewe kukaa na meza barabarani kwenye mji usio na ndugu, mtu akaokota kitabu, akafungua ndani, akakuta muhuri wa shule. Hapo utamweleza nini? Kwamba ulikikuta kwenye lundo?

Mitumba ya vitabu ipo, hilo halina ubishi. Maktaba za Uingereza na Marekani hupunguza vitabu vyao, na kabla ya kuvitoa huvigonga WITHDRAWN au DISCARD. Ukiliona neno hilo, nunua kwa amani. Ila muhuri wa shule ya hapa kwetu usio na alama yoyote ya kufutwa, au ukurasa wa kwanza uliochanwa, au wino uliosuguliwa mpaka karatasi ikawa nyembamba, hapana. Kirudishe kwenye lundo hata kama anakupa kwa bei ya andazi. Na vile vya serikali vilivyoandikwa hakiuzwi usivitie mkononi kabisa. Nimefundisha kwenye madarasa ambayo watoto watano walisoma kitabu kimoja, mmoja akikisoma kichwa chini kwa sababu amekaa upande wa pili wa dawati. Kitabu kikipotea hapo hakinunuliwi kingine.

Kabla hujafunga mizigo nipigie picha ukurasa wa kwanza wa hicho cha kijani. Kama ni cha shule ya hapo Iringa, kipeleke mwenyewe, umkabidhi mwalimu wa maktaba mkononi. Usimtume mtu.

Jicho unalo, na hilo nawaambia hata majirani. Katika lundo la kemia zilizokatika kurasa, vitabu vya sala na riwaya za Kizungu zisizo na jalada, wewe ulitoa tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Lakini hukuniambia ni chapa ipi. Geuza ukurasa wenye jina la kitabu, usome nyuma yake. Tafsiri ya kwanza ilitoka 1963 kwa jina Julius Caezar. Mwalimu akairekebisha, ikatoka tena 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Watu wawili wanaweza kukuambia wanayo "ile ya Mwalimu" na kila mmoja ana kitabu chake tofauti. Mteja anayejua atakuuliza hilo kabla hajauliza bei. Na ukiwa hapo hapo, tazama pembeni kama kuna muhuri.

Jambo jingine, usividharau vijitabu vyembamba. Nimeona kwenye picha umevitupa sakafuni. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na 1975 ikaja ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi kijijini wakisikiliza redio, na kijitabu mkononi. Vilichapwa kwa wingi mno, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuvitunza. Riwaya nene ilikaa kabatini, kijitabu kikaenda kufungia karanga. Bibi yako alikuwa navyo, sanduku zima. Yule mama wa karanga hakuingia ndani kuvichukua, alipewa, na aliyempa alikuwa anatafuta mahali pa kulaza vifaranga. Tuyaache hayo. Wewe viokote, uvilaze kati ya maboksi magumu, wala usivibandike selotepu. Itageuka njano na gundi yake haitoki.

Dar kuna unyevunyevu. Usivifunge vitabu kwenye nailoni, vitaota ukungu. Viinue juu ya matofali, mchwa wasivifikie. Ungekuwa unasikia ungekumbuka ile kamusi niliyokukataza kuiweka chini.

Baba yako bado anasikiliza redio akisubiri ajira za walimu zitangazwe. Zikitangazwa omba, hata kama meza inakulipa. Hajakasirika, anauliza tu kama huko utapata pa kulala pasipovuja. Hapa kwetu bati la jikoni limetoboka tena, mvua ikinyesha tunahamisha mafiga. Fundi anataka apewe nusu kwanza. Ng'ombe amezaa dume. Ada ya mdogo wako nimeshalipa robo, kwa hiyo usitume chochote mwezi huu, ila mwezi ujao ukipata, tuma kwa namba yangu, siyo ya baba yako, yake inakatwa deni.

Mdogo wako anahitaji fizikia ya kidato cha tatu. Ukikutana nayo mnunulie, ila fungua ndani kwanza utazame muhuri. Najua nimeshasema.

Kesho nampa kondakta wa basi la Iringa kiroba chako: maharage, ndizi, na parachichi. Za juu zimekaribia kuiva, za chini bado ngumu. Kafuate stendi mwenyewe, na umlipe kondakta elfu mbili, nimemwahidi.

Mama yako