Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hilo neno hemoreji tuandikieni kwa Kiswahili

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu kutoka hapa Kayole. Sina mengi, nina neno moja tu ambalo nusura liniondolee dadangu.

Dadangu mdogo alijifungua, hospitali sitaitaja, akaruhusiwa kesho yake. Akapewa fomu imeandikwa Kizungu kitupu na ule mwandiko wa madaktari, sista akamwambia "uangalie hemoreji, ukiona urudi". Akaitikia sawa. Mimi nilikuwa hapo nimebeba mtoto nami nikaitikia sawa, manake foleni ilikuwa imejaa nyuma yetu na nani atasimama aulize maana ya neno mbele ya watu wote hao.

Siku ya sita usiku damu ikaanza. Mamangu akasema hiyo ni ya kawaida, yeye amezaa watano na anajua, na ukweli ni kwamba kuna damu ya kawaida baada ya kuzaa. Tukabadilisha pedi. Nusu saa haijaisha imejaa tena, tukaweka leso, leso ikalowa mpaka shuka, akaanza kusema anaskia baridi na masikio yanalia. Hapo ndio nikakumbuka ile fomu, nikaimulika na tochi ya simu, nikatafuta lile neno kwa intaneti herufi moja moja huku mikono inatetemeka. Tulifika hospitali saa nane usiku. Wakamwokoa, namshukuru Mungu na hao madaktari.

Alipopata nafuu nikakaa nikalisoma vizuri. Kumbe ni la Kigiriki, haima ni damu, na sehemu ya pili inatoka kwa kitenzi rhegnynai, yaani kupasuka, halafu likapitia Kilatini na Kifaransa mpaka Kiingereza. Hiyo haima ndio iko pia ndani ya anemia na hemoglobini. Kwa hivyo Mgiriki wa zamani akiliskia alikuwa anaelewa papo hapo, damu imepasuka! Kwake halikuwa neno la wasomi. Ni kwetu ndio limegeuka siri ya daktari na faili.

Na Kiswahili tunacho. Wengi husema kuvuja damu, lakini mimi naona kuvuja ni kudogo, bomba likivuja unaweka beseni unaenda kulala, likipasuka ndio ploti nzima inaamka. Afadhali kutokwa na damu kupita kiasi, halafu mtu aambiwe kiasi ni kipi. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limehesabu nusu lita au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, hiyo ni pakiti moja ya maziwa ya dukani, kila mama Nairobi ameishika mkononi. Na inaweza kuja baadaye hadi wiki 12, ndiyo iliyompata dadangu, na hakuna aliyetuambia.

Mheshimiwa, kuna utafiti ulichapishwa 2023, ulifanywa hapa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Badala ya kukisia damu kwa macho waliwawekea akina mama mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, ikizidi wanaanza matibabu yote kwa pamoja bila kungoja, na visa vile vibaya zaidi vikapungua kwa asilimia 60. Kujua mapema tu! Sasa sisi tukiwa nyumbani mfuko hatuna, tuna hilo neno mlilotupa, na hatulielewi.

Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, kwa hivyo siombi hisani. Naomba kila fomu ya mama anayeruhusiwa iwe na mstari wa Kiswahili, sista aseme kwa mdomo, na mama aurudie kabla hajatoka wodi. Mstari wenyewe nimeshaandika: "Mama, ukijaza pedi nzima ndani ya saa moja, au ukiskia kizunguzungu na baridi, rudi hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku."

Nilimsomea mamangu. Akanyamaza kidogo, akasema kama wangeandika hivyo hangetuambia ni ya kawaida.