Kabla hujabadilisha sabufa, ihamishe kwanza

Mteja wetu mmoja wa Tabata alirudi dukani mara mbili ndani ya mwezi. Alianza na sabufa ya inchi 8, akasema besi haifiki anapokaa. Tukambadilishia, akaongeza pesa na kuchukua ya inchi 12. Wiki haikuisha akapiga simu: madirisha ya alumini yanatetemeka, jirani analalamika, na yeye kwenye kochi bado hasikii kitu. Ndipo tukaenda kwake. Tulipaswa kwenda siku ya kwanza, na hilo linatuuma mpaka leo. Sabufa ilikuwa kwenye kona nyuma ya televisheni, kochi likiwa katikati kabisa ya sebule.

Chukua beseni la maji ulitikise taratibu. Maji yanapanda ukingo huu, yanashuka, yanapanda ukingo wa pili, lakini pale katikati hayapandi wala kushuka. Besi chumbani hufanya hivyo hivyo. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo mdundo wa hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa mita 8. Sebule ya mita 4 inabeba nusu ya wimbi hilo barabara: mdundo unajaa kwenye kuta mbili na kufifia katikati. Kuta za tofali za saruji ni ngumu, zinairudisha besi ndani karibu yote, ndiyo maana nyumba zetu zinanguruma kuliko nyumba za mbao. Pazia zito na zulia havisaidii hapa. Vinapunguza makali ya sauti za juu tu.

Kama unapenda rumba au zilipendwa, sikiliza gitaa la besi. Uzi wake mnene ukipigwa wazi hutoa hezi 41, na nota inayofuata ni karibu 44. Katika sebule ile ya mita 4, nota hizo zitavuma kama ngoma ukikaa ukutani, halafu nyingine zinapita kimya. Mpigaji alizipiga zote kwa nguvu sawa. Chumba ndicho kinachochagua.

Tiba yake haigharimu kitu. Sogeza kochi kidogo kutoka katikati ya chumba. Kisha inyanyue sabufa uiweke juu ya kochi, mahali unapokaa wewe, upige wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Piga magoti, tembea polepole kandokando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Utafika mahali nota zote zinasikika kwa uzito mmoja. Hapo ndipo sabufa ikae. Mara nyingi siyo kwenye kona. Kona huongeza kishindo, lakini huamsha migurumo yote ya chumba kwa pamoja.

Tatizo la sabufa nyingi tunazouza ni kwamba ampilifaya imo ndani ya boksi lenyewe na nyaya za spika ni fupi, kwa hiyo mtu anaiweka pale nyaya zinapofika. Waya wa spika unauzwa kwa mita. Nunua mirefu.

Baada ya kupata mahali, oanisha sabufa na spika zako. Kama sabufa yako ina nobu ya krosova, ile inayopanga sabufa iishie hezi ngapi na kuziachia spika sauti za juu yake, anzia hezi 80. Juu ya hapo sikio linaanza kutambua besi inatokea upande gani. Spika zako zikiwa ndogo sana, za inchi 3 au 4, panda hadi 100 au 120, la sivyo sauti nzito ya mwanamume itakosa kifua. Swichi ya 0 na 180, inayoamua sabufa isukume hewa pamoja na spika au kinyume chake, muachie mtu mwingine aigeuze ukiwa umekaa; chagua upande ambao besi imejaa zaidi. Mwisho, punguza nguvu ya sabufa mpaka usahau kwamba ipo, kisha ongeza kidogo sana.

Wati zilizoandikwa kwenye katoni zisikusumbue, hasa zikifuatwa na herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kifupi mno. Geuza boksi, usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaoutumia. Sabufa inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kukupa 5,000 mfululizo. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4 inchi 8 iliyotengenezwa vizuri inatosha, na inchi 12 tunaishauri pale sebule inapoungana na sehemu ya kulia chakula.

Yule mteja wa Tabata tulimsogezea kochi karibu nusu mita, sabufa tukaihamishia katikati ya ukuta wa pembeni. Siku hizi anaipiga chini ya nusu ya nguvu yake.

Ukinunua kwetu na unakaa Dar es Salaam, tunakuja kukupangia bila malipo ya ziada. Kabla ya kuja dukani, pima urefu na upana wa sebule, kisha piga picha ya mahali kochi lilipo.