Sarafu ya Senti Tano Huenda Ndiyo Ghali: Tunavyokadiria Thamani ya Kripto

Wateja wanaofika ofisini kwetu hapa Mombasa kuuliza habari za kripto, yaani sarafu za kidijitali, wengi huja na hoja hii: "Bitcoin moja ni mamilioni ya shilingi, hii nyingine ni senti tano. Si hii ndiyo yenye nafasi ya kupanda?" Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea, na yatuuma.

Bei ya sarafu moja peke yake haikwambii kitu. Izidishe kwanza kwa idadi ya sarafu zote, upate thamani ya zote kwa pamoja. Bitcoin hazitazidi milioni 21, na tangu Aprili 2024 mchimbaji, yaani mwenye kompyuta zinazothibitisha miamala, hupata bitcoin mpya 3.125 kwa kila bloku (fungu la miamala), nusu ya alichopata awali. Dogecoin haina ukomo, huongezeka takriban bilioni 5 kila mwaka. Tena zipo sarafu ambazo waanzilishi wamejiwekea na bado zimefungiwa. Hizo nazo twazihesabu, maana siku zikiachiwa sokoni, wa kuuziwa ni wewe.

Waliokuwa na sarafu ya Luna wanajua idadi ikiongezeka huwaje. Mwanzoni mwa Mei 2022 iliuzwa kama dola 80. Mfumo wake ulitoa Luna mpya ili kuinusuru UST, sarafu dada iliyopaswa kubaki dola moja. Zikamwagwa kwa matrilioni, na kabla ya mwezi kwisha Luna haikufika hata senti ya dola.

Hesabu ya pili ni ngumu zaidi: nani analipa kuutumia mtandao huo? Mwenye nyumba ya kupangisha Kisauni huikadiria kwa kodi inayoingia. Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, una kitu cha kupimia hivyo, kwani watumiaji hulipa ada, na tangu Agosti 2021 sehemu ya ada hizo huchomwa, yaani huondolewa kabisa zisitumike tena. Bitcoin haina gawio. Kwayo twatazama gharama ya kuchimba na wingi wa matumizi, kisha twakupa kiwango cha chini na cha juu cha thamani yake. Anayekutajia bei moja kamili, mwambie akuonyeshe hesabu.

Tuletee jina la sarafu kabla hujanunua. Tutakagua idadi yake, ratiba ya kuachiwa na ada zinazolipwa, tukuandikie matokeo kwa Kiswahili. Hatuuzi sarafu, hatushiki pesa ya mteja, wala hatupokei kamisheni kwa muuzaji yeyote. Ukiwa umeshanunua, njoo na rekodi ya bei na tarehe ulizonunulia.