Kwa Athmani, kuhusu hao wanafunzi wako

Shella, Malindi

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako niliupata na nimecheka peke yangu. Eti wanafunzi wanakuandikia "risto" ndani ya insha, nawe umemwaga wino mwekundu mpaka karatasi ikawa kama imechinjiwa kuku. Kalamu usiiweke chini, insha ni insha. Ila hilo la kusema vijana wa siku hizi wameivunja lugha, hapo tutavutana.

Chukua hiyo risto yenyewe. Ni stori, silabi ya mwisho imeletwa mbele, basi. Na mtindo huo haukuzaliwa Nairobi. Ni kinyume hicho, mchezo wa watu wa pwani: samaki anakuwa kisama, chakula kinakuwa lachaku, wanaojua wanasemezana na asiyejua ametoa macho. Askofu Edward Steere aliukuta Unguja karne ya 19 akaunukuu. Kwa hiyo huyo uliyemkata alama amefuata kanuni ambayo babu yake angeitambua.

Mimi darasa langu ni steji ya tuktuk. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, wamezoea huku tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco pale Ngomeni, miaka ya 1960, na waliokaa sana Kiswahili wanakisikia. Ukimtajia mwenzio bei, mgeni naye keshaijua. Ndiyo maana stejini utasikia ashu, mbao, finje, soo, ngiri, maneno yaliyoteremka kutoka Nairobi: kumi, ishirini, hamsini, mia, elfu. Mgeni aliyejifunza kuhesabu vizuri kabisa habaki na kitu.

Sasa sikia hili letu wenyewe. Kulikuwa na mgeni akitupitia kila asubuhi, "chao" huku, "chao" kule, mkono juu, meno nje, na tuktuk hapandi. Kijana mmoja akamtazama mgongo akasema, "Mchaochao huyo." Tulicheka mpaka abiria wakauliza kuna nini. Hebu angalia alichofanya, mwalimu. Neno la Kiitaliano, akalirudia mara mbili kama tunavyosema polepole, akalibandika m- ya mtu. Hakuna aliyemfundisha. Kufumba na kufumbua wakawepo wachaochao, ukazaliwa uchaochao, na mheshimiwa mmoja aliyetuahidi taa za barabarani akapandishwa cheo akawa mchaochao mkuu. Halafu mama mmoja muuza viazi karai, mtu mzima, akamwambia mdeni wake, "Usiniletee uchaochao hapa!" Vijana wakatazamana. Tangu hapo hawalitamki. Neno likishafika kwa mama, kwao limechacha.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni matatu. Nauli ilikuwa senti 30, mapeni matatu ya senti kumikumi, gari likapata jina. Leo kijana anaita mathree. Ameichomoa tatu, ameigeuza Kiingereza, ameirudisha palepale nyuma ya ma-. Peni yenyewe hajaiona maishani, ila amejua ndani ya jina kuna hesabu! Bodaboda nayo ilianzia mpakani Busia, baiskeli zikivusha watu boda hadi boda, na sasa imefika hadi Mokowe, bara mkabala na kisiwa cha Lamu, ambako hakuna mpaka wa kuvuka ila maji.

Utaniambia hao ni wahuni tu. Haya, na mzee wetu wa Lamu, marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa neno runinga? Yeye alichimba kwenye lahaja na maneno ya wazee, kwa makusudi na kwa elimu. Hawa wanaokota kilichopita barabarani. Najua si sawa kwa uzito, lakini wote wawili waliona kitu hakina jina wakakipa.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Ni yule anayekamata kitenzi cha Kiingereza kizimakizima, akakivisha "nime-" kwa mbele, akadhani amebuni. Huo ni uvivu. Huyo mchape wino mpaka kalamu ikauke.

Nina ombi. Ukiketi barazani huko Mkomani, Lamu, waulize wazee kama yupo bado anayeweza kusema kinyume kwa kasi, sentensi nzima, si neno mojamoja. Akiwepo, mrekodi kwa simu unitumie. Na hao watoto wape insha moja wakueleze jinsi neno lao mojawapo lilivyozaliwa, nani alilisema kwanza, nani alicheka. Waandike kwa Kiswahili sanifu, usije ukasema nimewaharibu.

Maulidi nitakuja inshallah, niwekee godoro darini. Nisalimie mama na watoto. Huku stejini vijana wana neno jipya, na kwa vile nimeshaota mvi, wamekataa katakata kuniambia maana yake.

Wako,
Swaleh