Mguu Usiokuwepo

Bombo, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, na mama yako anakusalimu sana. Jana simu ilikatika kabla sijakujibu, nikaona afadhali nikae niandike, maana jambo lenyewe halisemeki kwa haraka.

Ulisema kuna kijana wa bodaboda wodini kwenu, amekatwa mguu juu ya goti, na kila usiku analia kwamba vidole vya mguu huo vinambana. Wenzako wa zamu wanadai anataka dawa tu. Jamaa zake wameanza kuulizana ni nani kamroga. Kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, inawezekana?"

Inawezekana. Vyangu vinanibana tangu mwaka 1996.

Habari ya bomu la ardhini unaijua. Ambayo sijakusimulia ni ya siku nilipozinduka hospitalini. Niliuhisi mguu wa kushoto umelala chini ya shuka kama kawaida, kidole gumba kinawasha, nikainuka nikikune, mkono ukagusa godoro. Nilipomweleza aliyekuwa akinihudumia, alicheka. Tangu siku hiyo nikanyamaza, miaka 14. Wa kwanza kuniamini ulikuwa wewe, una miaka sita. Ulinikuta nimekunja uso, ukauliza panawasha wapi, nikakuonyesha, nawe ukapiga magoti ukaukuna mkeka pale ambapo kidole kingekuwa. Wallahi, muwasho ulipungua.

Shuleni mlifundishwa milango mitano ya fahamu. Jina zuri, lakini mtu anaweza kudhani kwamba vitu vyenyewe vinaingia kwa milango hiyo. Haviingii. Mwanga unaishia nyuma ya jicho, mtikisiko wa sauti unaishia ndani ya sikio. Kinachosafiri kwenye neva kwenda ubongoni ni mapigo madogo ya umeme, na ya jicho ni ya aina ileile na ya ngozi. Ni kama mtu kapiga hodi usiku na wewe uko ndani: humwoni, unakisia ni nani kwa mlango aliougonga. Kazi hiyo ya kukisia ndiyo ya ubongo, na anayeteseka au kufurahi hupata habari ikiwa imeshakisiwa.

Kumbuka pilipili ya mama yako kwenye kisra, ule mkate wetu mwembamba. Ulimi hauungui, chakula kinaweza kuwa kimepoa kabisa, ila jasho linakutoka na unaomba maji. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua sababu. Kwenye neva zetu kuna kipokezi kinachofunguka joto likizidi kama nyuzi 43, na kemikali inayoifanya pilipili iwe kali hukifungua hichohicho. Ubongo unapokea taarifa ya moto, basi unahisi moto. Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyechunguza hisia ya mguso.

Sasa turudi kwa kijana wako. Neva zilizokatwa hazikufa zote. Ncha zake bado zimo ndani ya kigutu, na zinaendelea kugonga. Na huko juu, ubongo una ramani ya mwili. Daktari Wilder Penfield wa Montreal aliichora: alikuwa akiwapasua wagonjwa kichwa wakiwa macho, akigusa ubongo kwa umeme kidogo, na mgonjwa anasema amehisi kitu mkononi hali mkono haujaguswa. Mwaka 1937 alichapisha matokeo hayo na mwenzake Boldrey. Midomo na vidole vina kiwanja kikubwa, mgongo umepewa kidogo tu, na mguu una sehemu yake. Daktari wa upasuaji akiukata mguu, kiwanja chake kichwani hakuking'oa. Hodi ikipigwa kwenye neva ile, ubongo unajibu kama ulivyozoea: ni kidole gumba.

Wenzako wakikuambia huo ni wazimu, wape karatasi. Chora alama ya msalaba, na sentimita 8 kulia kwake weka nukta nene. Mtu afunge jicho la kushoto, akazie macho msalaba kwa jicho la kulia, asogeze karatasi taratibu kuelekea usoni. Ikifika kama sentimita 30 kutoka jichoni, nukta inapotea! Nukta imeangukia pale nyuma ya jicho neva yake inapotokea, nyuzi zake kama milioni 1, na mahali hapo jicho halioni kitu. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua hilo katika karne ya 17. Lakini hakuna anayetembea akiona shimo mbele yake, kwa kuwa ubongo unalijaza kwa rangi ya karatasi iliyo kando. Kila mmoja wodini kwenu, mwenye miguu miwili, anaona leo kitu ambacho jicho lake halikumletea.

Jambo hili ni la zamani. Ambroise Paré, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa, aliliandika katika karne ya 16. Sisi askari ndio tuliowafundisha madaktari, kwa maumivu yetu, na bado mtu anachekwa kitandani.

Kuna dawa moja isiyo ya kumeza. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Ramachandran, huko California, alianza kutumia kioo. Unakisimamisha katikati ya mapaja, uso wake ukielekea mguu mzima, mgonjwa anatazama ndani na kuuchezesha. Macho yanauambia ubongo kwamba miguu yote miwili ipo na inakunjuka. Haimsaidii kila mtu, na wengine huona kizunguzungu au hulia mara ya kwanza, kwa hiyo mwombe ruhusa msimamizi wako, na usimwache peke yake. Mimi siku ya tisa vidole vilifunguka. Bado vinarudi kubana, hasa usiku wa mvua, ila si kama zamani.

Kile kioo kirefu cha kabati la mama yako nimekizungushia blanketi mbili. Kitafika Arua Jumatano kwa basi la asubuhi. Kakipokee mwenyewe, wasikirushe.

Baba yako