Salamu za Krismasi kwa mabinti wa Mama Phoebe

Mama zangu, shangazi, dada, na nyinyi mabinti mliomaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwezi jana: Krismasi njema. Najua wengi wenu mko njiani kuelekea mashambani, mizigo magotini, nauli imepanda kama kila Desemba. Mungu awafikishe salama.

Mwaka huu tunasherehekea bila Mama Phoebe Asiyo, aliyetutoka Julai 2025 akiwa amevuka miaka 90. Mtajeni katika sala ya mezani. Mwaka 1958 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, shirika la wanawake wa Kenya. Akaja kuwa mbunge wa Karachuonyo, na mwaka 1997 akapeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake viti. Wenzake wakaiangusha. Akiwa tayari amevuka miaka 60, angeweza kwenda zake nyumbani akapumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akaingia Tume ya Kurekebisha Katiba, iliyozunguka nchi ikisikiliza maoni ya wananchi, na akaishi hadi kuyaona yale yaliyokataliwa bungeni yakiandikwa katika Katiba ya 2010.

Naye hakufyeka njia hii peke yake. Mwaka 1962 Priscilla Abwao alikuwa mwanamke Mwafrika pekee katika mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London. Uhuru ulipokuja, hakuna mwanamke aliyeingia Bunge la 1963. Tulingoja hadi 1969 watu wa Kisumu walipomchagua Grace Onyango. Katiba ya zamani yenyewe ilikataza ubaguzi, kisha ikaruhusu ubaguzi huohuo katika ndoa, talaka, mazishi na urithi. Yaani haki ya mwanamke ilikomea kwenye lango la boma. Mama Mkenya aliyejifungua ng'ambo kwa mume mgeni hakuweza hata kumpa mwanawe uraia wake. Leo anaweza, kwa Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010.

Nayasema haya Desemba kwa sababu Desemba ndio mwezi wa vikao vya familia. Watoto wote wako nyumbani, basi ndipo shamba la marehemu baba linapojadiliwa. Bila shaka mmeviona vikao hivyo: viti vya plastiki chini ya mwembe, wanaume wameketi, na mabinti wa boma wako jikoni wanasukuma chapati, wakisikia neno moja moja kupitia dirishani. Mwishoni mmoja wao anaitwa. Anapangusa unga mikononi, anaonyeshwa mstari, anapewa kalamu. Karatasi inasema kwamba hadai chochote. Barua ya chifu yenye majina ya warithi nayo imeshapigwa muhuri, na ndani yake mna wavulana tu. Shangazi yangu mmoja alitia sahihi namna hiyo, mwiko ukiwa bado mkononi. Ndoa yake ilipovunjika miaka mingi baadaye, hakuwa na mahali pa kusimamisha hata chumba kimoja.

Inaniuma zaidi kwa sababu sheria ilikuwa upande wake. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya shamba iliyotoka Eldoret. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa watoto wa kiume ekari 30 kila mmoja na wa kike ekari 5 kila mmoja, eti binti ataolewa. Majaji wa rufani waliikataa hoja hiyo, wakawagawia watoto wote sawa. Miaka mitano baadaye Katiba, katika Ibara ya 60, ikataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zote zinazohusu ardhi. Kina Mama Phoebe walitufikisha hapo. Kutoka hapo hadi chini ya mwembe ni kazi yetu sisi.

Basi kaka zetu, tunawaomba kwa upendo: kikao cha mwaka huu kianze chapati zikishaiva, na dada zenu wawe na viti. Dada, soma kila karatasi kabla ya kuweka sahihi, na ukiambiwa ni haraka, ichukue ukaisome usiku. Kama jina lako halimo katika barua ya chifu, mwone chifu mapema. Kama kesi ya mirathi imeshafika mahakamani, bado unaweza kuweka pingamizi. Huko si kumkosea heshima baba. Wewe ni mtoto wake.

Na nyinyi mabinti wa KCSE, mkifikisha miaka 18 chukueni kitambulisho mjiandikishe kupiga kura. Uchaguzi wa Agosti 2027 utakuwa wenu wa kwanza. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na hadi leo Bunge halijatimiza, hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kumshauri Rais alivunje mnamo Septemba 2020. Kuna viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti, lakini hakuna anayewazuia kugombea vile vingine 290 vya maeneo bunge. Likizo hii kaeni na nyanya zenu, muwaulize walikuwa wapi siku ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Wengine walipiga foleni na nyinyi mgongoni.

Nawatakia Krismasi njema, mle mshibe, na heri ya mwaka mpya wa 2026.