Bunduki iliyopanuliwa chemba ijaribiwe kambini kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuhusu sote tunaopata riziki katika uwindaji wa kitalii, nalo ni bunduki za nyati na tembo ambazo wenyewe wamezipeleka kwa fundi zikapanuliwa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa, ili zipige risasi yenye nguvu kuliko ile zilizotengenezewa. Nimefuatilia nyayo katika pori la Rungwa kwa miaka 23, nikitembea hatua chache mbele ya mgeni, na kwa hiyo nasema kama mtu ambaye uhai wake ulitegemea kazi ya fundi asiyemfahamu.

Ninayoikusudia hasa ni bunduki inayopiga risasi iitwayo .458 Winchester Magnum. Risasi hiyo ilipotoka mwaka 1956 ilipendwa, kwa kuwa iliwapa wawindaji bunduki ya bolti (komeo linalovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi) ya bei nafuu badala ya zile za Kiingereza za mitutu miwili, lakini ganda lake lilifupishwa hadi milimita 63.5 ili liingie katika bunduki ya urefu wa kawaida. Ufupi huo ndio uliozaa lawama. Baruti ilibidi ishindiliwe, na ikishindiliwa hivyo kisha ikakaa muda mrefu, ilikuwa na tabia ya kugandamana na kuungua vibaya, hata kichwa cha risasi kikatoka kimelegea. Mmarekani Jack Lott, ambaye alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, alibuni mwaka 1971 ganda la milimita 71 lenye kichwa cha unene uleule, linalorusha kichwa cha gramu 32 kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa unene ni uleule, mtutu haubadilishwi. Fundi huirefusha chemba kwa milimita saba na nusu hivi, na risasi fupi za zamani bado hupigwa humo bila hatari, faida ambayo mgeni aliyepotelewa na mzigo wa risasi uwanja wa ndege, akalazimika kuazima zile za zamani, anaijua vizuri.

Sipingi mabadiliko hayo hata kidogo. Ganda lenye nafasi halihitaji baruti ishindiliwe kwa nguvu, na katika joto la Oktoba, wakati chuma cha bunduki hakishikiki, hilo si jambo dogo. Ninacholalamikia ni mafundi, na wenye bunduki, wanaodhani kwamba chemba ikisharefushwa kazi imekwisha.

Risasi nzima ya Lott, kutoka kitako cha ganda hadi ncha, hufika milimita 91, ilhali ile ya zamani ni milimita 85. Magazini, yaani kisanduku cha risasi za akiba ndani ya bunduki, ikibaki vilevile, au ikiongezwa kidogo tu, matokeo yake ni yale niliyoyaona kwa macho yangu ndani ya vichaka vya Itigi, ambako mtu haoni mbele zaidi ya hatua kumi na tano. Mgeni wetu alimpiga nyati dume risasi ya kwanza, mnyama akayumba, kisha akatugeukia. Mgeni alipovuta bolti na kuisukuma, risasi ya pili iliinua pua, ikagota kwenye ukingo wa chemba na kukwama hapo. Mwindaji bingwa aliyekuwa kushoto kwetu ndiye aliyemwangusha yule nyati, naye alianguka hatua kumi na moja kutoka mahali nilipokuwa nimejilaza. Jioni tuliifungua magazini kambini tukakuta ncha za risasi zilizobaki zimebonyea, kwa sababu ziliingizwa kwa kubanana na kila teke la bunduki lilizigonga kwenye ukuta wa mbele. Kwenye mbao za kitako cha bunduki, nyuma tu ya bolti, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kitako kile kilichongwa kwa ajili ya teke la risasi ndogo na hakuna aliyekiimarisha.

Jambo jingine lilikuwa limeandikwa juu ya mtutu wenyewe, nalo ni jina la risasi ya zamani. Leseni nayo ilisema hivyohivyo, ilhali maganda yaliyokuwa mfukoni yaligongwa muhuri wa Lott. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na askari anayekagua bunduki ana haki ya kukuta chuma, karatasi na risasi vikisema neno moja. Tena bunduki huuzwa na hurithiwa, na atakayeipata baada ya miaka ishirini hataweza kumuuliza fundi aliyekwisha kufa alichimba nini humo ndani.

Naelewa kwamba kanuni zetu zinataka bunduki ya kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, na kwamba wageni wengi hutafuta nguvu zaidi kwa nia njema. Lakini kanuni hiyo inapima unene wa risasi, haipimi kama risasi ya pili itaingia.

Kwa hiyo nawaomba wenye vitalu vya uwindaji wafanye jambo moja kuanzia msimu ujao. Kila mgeni anapofika na kupiga karatasi kambini ili kupima shabaha, kama ilivyo desturi, asiruhusiwe kupiga risasi mojamoja akiwa ameegemea meza. Aijaze magazini, asimame wima, azipige zote mfululizo kwa mwendo wa kawaida wa bolti, na wafuatilia nyayo wawepo wakitazama. Bunduki iliyopanuliwa chemba ikikwama hata mara moja, irudishwe kwenye mkoba wake, mgeni apewe bunduki ya kampuni.

Mfuatilia nyayo mstaafu,
Itigi, Singida